Saburi na Tumaini kwa Mungu Wakati wa Mateso: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyakusanya kwa miaka mingi ya kutembelea wagonjwa wodini Jumapili alasiri na kukaa na wafiwa katika misiba ya mtaani kwetu. Mengi yaliulizwa kwa sauti ya chini, wageni wengine wakiwa wameshaondoka, kwa sababu muulizaji aliogopa kuonekana hana imani. Walioniuliza ni Wakristo kama mimi, kwa hiyo majibu yanatoka katika Biblia.

Saburi ni nini hasa? Je, ni kunyamaza na kukubali kila kitu?

Katika mazungumzo ya kila siku, mtu akiambiwa "kuwa na subira" huwa anaambiwa atulie, asisumbue, angoje zamu yake. Ndiyo maana wagonjwa wengi hudhani kwamba saburi ambayo Mungu anaitaka ni kunyamaza. Neno la Kigiriki ambalo Paulo alilitumia, na ambalo Biblia zetu zimelifasiri kuwa saburi, lina maana ya kubaki chini ya mzigo bila kukimbia. Aliyebeba gunia la mahindi kichwani anaweza kuguna, anaweza kutokwa na jasho na machozi, anaweza kumwita mwenzake amsaidie kulishikilia upande mmoja, na bado tukasema kwa haki kwamba amelibeba. Katika Kiebrania, kitenzi kilekile kinachomaanisha kungoja humaanisha pia kutumaini, kiasi kwamba mtu anayemngoja Bwana na mtu anayemtumaini Bwana ni yule yule.

Kwa hiyo naielewa saburi kuwa ni kukataa kuondoka mbele za Mungu hata pale ambapo huna jambo jema la kumwambia. Anayemlilia na anayemlalamikia bado wako naye. Aliyegeuka akaenda zake bila kusema neno ndiye aliyeacha kusubiri, hata kama uso wake ni mtulivu.

Ayubu husifiwa kwa subira yake. Mbona basi alilalamika kiasi kile?

Swali hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu kulijibu vizuri kunafungua mengine mengi. Wengi wetu tunamjua Ayubu wa sura mbili za kwanza tu. Tunajua kwamba alikuwa na kondoo 7,000, ngamia 3,000, jozi 500 za ng'ombe na punda 500, kwamba alipoteza vyote pamoja na watoto wake kumi katika siku moja, na kwamba alianguka kifudifudi akasema Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Maneno hayo husomwa makaburini, kisha kitabu hufungwa. Lakini kitabu cha Ayubu kina sura 42, na kuanzia sura ya 3, ambapo anailaani siku aliyozaliwa, mpaka mwisho wa sura ya 31, mtu huyu anazungumza kwa uchungu ambao katika makanisa yetu mengi angeombwa ashuke madhabahuni. Anasema Mungu amemfanya shabaha ya mishale yake. Anaomba aachwe hata amezapo mate. Anadai wakutane mahakamani, yeye na Mungu, aiweke kesi yake mezani.

Rafiki zake watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari, walianza vizuri kuliko wanavyokumbukwa. Walipomwona kwa mbali hawakumtambua. Walilia, wakakaa naye chini ardhini siku saba mchana na usiku, wala hapana aliyemwambia neno. Kosa lao lilianza walipofungua vinywa. Kila mmoja kwa zamu alimtetea Mungu kwa kumshitaki mgonjwa: bila shaka umekosa mahali, bila shaka wanao walikosa, tubu na mambo yatanyooka. Ukiyasoma maneno yao peke yake utayaona ni ya kiroho kabisa, tena mengine yanafaa kuhubiriwa. Mwishoni, katika sura ya 42 mstari wa 7, Mungu anamwambia Elifazi kwamba hasira yake imewaka juu yake na juu ya rafiki zake wawili, kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa katika habari zake kama alivyonena mtumishi wake Ayubu.

Mungu alimkemea Ayubu kwa kunena asiyoyajua, na Ayubu akaweka mkono kinywani, hilo ni kweli. Hata hivyo hukumu ya mwisho ikasimama upande wa mlalamikaji, na waliohubiri vizuri wakaambiwa wamwendee awaombee. Tofauti yao naiona hivi: rafiki walizungumza kuhusu Mungu kuanzia mwanzo mpaka mwisho wala hawakuzungumza naye hata mara moja, ilhali Ayubu, katikati ya malalamiko yake, aligeuka tena na tena akamwambia "Wewe". Yakobo alipomtaja katika waraka wake kuwa mfano wa subira, hakuwa amezisahau sura hizo 29. Subira ya Ayubu imo ndani ya sura hizo hizo.

Je, ni dhambi kumuuliza Mungu "kwa nini"?

Si dhambi. Yesu mwenyewe aliuliza msalabani, tena kwa maneno aliyokuwa ameyajua tangu utotoni, ya Zaburi ya 22: Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha? Zaburi ya 13 ina mistari sita tu, na katika miwili ya kwanza swali "hata lini" linarudi mara nne. Zaburi ya 88 haina hata mstari mmoja wa shangwe. Inaanza kwa kilio na neno lake la mwisho ni giza. Waliozikusanya zaburi hizi waliziweka katika kitabu cha ibada ili ziimbwe mbele za watu, kwa hiyo walijua kwamba katika kila kusanyiko wamo waliokuja wakiwa na giza, na waliwaandalia maneno.

Nawasihi wanaoongoza ibada wazisome zaburi hizi hadharani. Mwenye maumivu anayesikia nyimbo za ushindi Jumapili baada ya Jumapili huanza kuamini kwamba nyumba ile si yake.

Nimepatwa na haya kwa sababu ya dhambi yangu, au ni mkono wa mtu?

Watu hawaulizi yote mawili kwa pamoja, lakini nimeona kwamba ni swali moja. Ugonjwa ukikaa muda mrefu, au msiba ukifuatana na msiba, akili ya binadamu hutafuta mkosaji. Anayejihukumu humpata ndani yake, na asiyejihukumu humpata kwa jirani, kwa shangazi, kwa mke mwenza.

Dhambi huleta madhara, na hilo hakuna anayelikana. Mlevi akiugua ini, sababu haijifichi. Yesu alilokataa ni kupiga hesabu ya kinyume, yaani kumwona mtu anateseka kisha kuhitimisha kwamba amekosa. Wanafunzi walipomwuliza kuhusu kipofu tangu kuzaliwa, ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, alijibu kwamba si yeye wala si wazazi wake. Alipowataja mwenyewe watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, alisema hawakuwa wakosaji kuliko wengine waliokaa Yerusalemu. Majibu haya mawili, moja katika Yohana 9 na jingine katika Luka 13, yangetosha kuwanyamazisha wote wanaokwenda wodini wakiwa na orodha ya dhambi za kumsomea mgonjwa.

Kuhusu mkono wa mtu, nitasema kwa upole lakini bila kuzunguka. Kitabu cha Ayubu kinamtaja mshitaki wa kiroho, na katika sura zote hizo Ayubu hamtafuti mchawi. Kesi yake yote anaipeleka kwa Mungu. Nimeona familia iliyotumia mwaka mzima na fedha za ada ya shule kumsaka aliyemroga baba yao, na baba huyo akafa akiwa hasalimiani na kaka yake wa tumbo moja, ambaye alikuwa amehisiwa bila ushahidi wowote. Ugonjwa ulimchukua mtu mmoja, lakini shutuma ilizichukua nyumba mbili.

Msibani husemwa "Tulimpenda, lakini Mungu amempenda zaidi" au "Kazi ya Mungu haina makosa". Je, nimwambie mfiwa hivyo?

Wanaosema hivyo wana nia njema, na mara nyingi huwa hawana maneno mengine. Mimi na mke wangu tulimzika mtoto wetu wa kwanza akiwa na miaka minne, baada ya homa ya siku tatu. Nilisikia "Mungu amempenda zaidi" mara nyingi siku ile, na kila nilipoisikia nilijiuliza ni upendo gani huo unaomnyang'anya mama mtoto wake. Sikuwa nimeacha kuamini. Nilikuwa tu nimepewa picha ya Mungu ambayo singeweza kuiomba.

Kuna mama jirani ambaye hakusema lolote. Alikuja alfajiri ya siku ya pili na ndoo mbili za maji, akakaa nyuma ya nyumba kwenye kigoda, akasugua masufuria ya watu waliolala matanga kwa majivu na kipande cha gunia mpaka jua likatoka. Alipomaliza aliyapanga kwenye mkeka, makubwa chini na madogo juu, akamshika mke wangu mkono, akaenda zake. Imepita miaka mingi, na hotuba zote za siku zile nimezisahau.

Ukisoma mwisho wa kitabu cha Ayubu utakuta kwamba ndugu zake na wote waliomjua zamani walikuja nyumbani kwake, wakala naye chakula, wakamlilia na kumfariji, na kila mmoja akampa kipande cha fedha na pete ya dhahabu. Yeyote aliyewahi kuona daftari la rambirambi likiandikwa kwenye meza ndogo chini ya turubai anaijua picha hiyo. Basi ukienda msibani, kaa. Sema pole, neno ambalo lugha yetu imelitengeneza vizuri kwa kazi hii, kwa kuwa linamfikia mfiwa bila kujaribu kumweleza kwa nini. Mtaje marehemu kwa jina. Kisha rudi baada ya siku arobaini, wakati turubai limeshang'olewa na wageni wamekwisha. Paulo alipowaandikia Wathesalonike wasihuzunike kama wengine wasio na matumaini, hakuwakataza kuhuzunika, na Yesu alilia kaburini kwa Lazaro hali akijua atamfufua muda si mrefu.

Je, ni kweli kwamba Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba?

Sentensi hiyo haimo katika Biblia. Iliyo karibu nayo, 1 Wakorintho 10:13, inazungumzia majaribu ya kumvuta mtu atende dhambi, na inaahidi mlango wa kutokea. Kuhusu mateso, Paulo yule yule aliwaandikia Wakorintho hao hao, mwanzoni mwa waraka wa pili, kwamba dhiki iliyowapata huko Asia iliwalemea kupita nguvu zao hata wakakata tamaa ya kuishi. Mtume alilemewa. Anayelemewa leo hana sababu ya kuona aibu, wala hapaswi kuambiwa kwamba kama angekuwa na imani ya kutosha angeweza. Kwa Wagalatia ameandika kwamba tuchukuliane mizigo, na agizo hilo lisingekuwa na maana kama kila mtu angepimiwa mzigo anaoumudu peke yake.

Nimeomba miaka mingi bila jibu, na sasa nimetabiriwa kwamba mwaka huu hautaisha kabla sijapokea. Je, nishikilie tarehe hiyo?

Ni vema tuisome barua ambayo Yeremia aliwaandikia Wayahudi waliochukuliwa mateka kwenda Babeli, kwa sababu mstari mmoja kutoka katika barua hiyo, Yeremia 29:11, umebandikwa kwenye kuta za sebule nyingi na migongoni mwa daladala: Mungu anajua mawazo anayotuwazia, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya. Mstari unaoutangulia huwa haubandikwi. Unasema kwamba ahadi hiyo itatimizwa baada ya miaka 70. Waliosikia barua ikisomwa wakiwa na ndevu nyeupe walielewa mara moja kwamba hawatairudia Yerusalemu kwa miguu yao.

Katika sura ya 28, nabii aitwaye Hanania alikuwa ametangaza hekaluni, mbele ya makuhani na watu wote, kwamba Mungu ameivunja nira ya mfalme wa Babeli na kwamba ndani ya miaka miwili kila kitu kitarudi. Alichukua nira ya mti iliyokuwa shingoni mwa Yeremia akaivunja watu wakiona. Bila shaka walishangilia. Hata Yeremia alisema Amina, Bwana na afanye hivyo, kwa kuwa naye alitamani iwe kweli. Haikuwa kweli. Hanania alikufa mwaka ule ule, na Yerusalemu ikabomolewa karibu mwaka 586 kabla ya Kristo.

Yeremia hakuwaacha wenzake bila tumaini. Aliwaambia wajenge nyumba wakae ndani yake, wapande bustani wale matunda yake, waoe na kuozesha, na wauombee amani mji ule waliopelekwa. Tumaini lake lilikuwa na jembe mkononi. Aliyeahidiwa miaka miwili hapandi mwembe, kwa nini apande? Aliyeambiwa miaka 70 anapanda, akijua wajukuu watakaa kivulini.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana, usishikilie tarehe. Ibrahimu aliondoka Harani akiwa na miaka 75 na Isaka akazaliwa akiwa na miaka 100. Yusufu aliota ndoto akiwa na miaka 17 na akasimama mbele ya Farao akiwa na 30, na hakuna hata mmoja wao aliyepewa ratiba alipoanza. Ningeogopa zaidi kama utabiri huo umekuja pamoja na ombi la kupanda mbegu ya fedha au kununua mafuta na maji ya upako. Nimewaona waliouza cherehani na viwanja kwa ajili ya tarehe kama hizo, na tarehe ilipopita waliambiwa kwamba imani yao ndiyo iliyopungua. Kuumizwa namna hiyo ni kubaya kuliko ugonjwa waliokuja nao.

Endelea kuomba. Yakobo anamtaja mkulima anayeyangoja mazao ya nchi mpaka yapate mvua ya kwanza na ya mwisho, na sisi tunaolima kwa vuli na masika hatuhitaji kufafanuliwa. Mkulima haamuru mvua, lakini shamba lake limeshatifuliwa.

Je, kwenda hospitali au kumeza dawa ni dalili ya kukosa imani?

Mfalme Hezekia aliugua karibu ya kufa, akaomba kwa machozi, na Mungu akamwahidi kwa kinywa cha Isaya kwamba atapona. Ahadi ikiwa imeshatolewa, Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake, na Hezekia akapona (2 Wafalme 20). Paulo, ambaye wagonjwa waliponywa kwa mikono yake, alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake, alimwacha Trofimo huko Mileto akiwa hawezi, na alisafiri na Luka, tabibu.

Nimewahi kumzika kijana aliyeacha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI baada ya kutangaziwa kwenye mkutano kwamba amepona. Alikuwa amenenepa, anafanya kazi ya ufundi, ana mchumba. Kama umeombewa na unaamini umepona, mwache daktari apime na aseme. Uponyaji wa kweli hauogopi kipimo. Mpaka hapo, dozi inaendelea.

Mume wangu ananipiga, na nimeambiwa nivumilie kama msalaba wangu. Ni kweli?

Si kweli, na nasikitika kwamba maneno hayo husemwa na watu wa kanisani. Daudi alipotupiwa mkuki na Sauli, mfalme aliyetiwa mafuta na Bwana, alikwepa, mkuki ukapiga ukutani, naye akakimbia usiku ule ule. Yesu alijificha akatoka hekaluni watu walipookota mawe wamtupie. Paulo alishushwa ukutani Dameski ndani ya kapu, na siku nyingine, alipofungwa kamba tayari kwa mijeledi, aliitaja sheria ya Kirumi ili asipigwe. Watu hawa walijua kuvumilia, na walijua kuondoka.

Kama umeumizwa, nenda kituo cha polisi upewe fomu ya PF3 ili utibiwe na majeraha yaandikwe. Vituo vingi hapa Tanzania vina Dawati la Jinsia na Watoto, na unaweza kuomba kuzungumza na askari wa kike. Mwambie mtu mmoja unayemwamini leo, usingoje kesho. Msamaha ni jambo la baadaye, na hauhitaji urudi kulala mahali ambapo uhai wako umo hatarini.

Nimechoka. Kuna usiku natamani nisiamke. Je, Mungu amenikasirikia?

Eliya, siku chache tu baada ya moto kushuka mlima Karmeli, aliketi chini ya mretemu jangwani akaomba afe. Alisema yatosha. Angalia Mungu alivyomjibu. Hakumhubiria wala hakumkumbusha Karmeli. Alimwacha alale, kisha malaika akamgusa akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akanywa, akalala tena, na malaika akarudi mara ya pili na chakula, akisema safari ni kubwa mno kwake. Mazungumzo yalisubiri mpaka mwili ulipopata nguvu. Na yalipokuja, huko Horebu, yalikuja kwa sauti ndogo, na pamoja nayo habari kwamba hakuwa amebaki peke yake kama alivyodhani: wako 7,000 ambao hawakumpigia Baali magoti.

Hakukasirikii. Usibaki peke yako usiku wa leo. Mwite ndugu, mwite jirani, umwambie kwa maneno ya wazi kwamba unawaza kufa, ili asidhani umechoka tu. Kisha nenda hospitali, kwa kuwa sonona ni ugonjwa unaotibika, na anayeutibu ni mtumishi kama yule malaika mwenye mkate. Nawe unayeambiwa maneno hayo na mtu, usimjibu "jikaze" wala "usimkufuru Mungu". Mpikie uji, ukae naye mpaka kuche.

Na kama sitapona? Tumaini langu litakuwa la nini?

Mzee mmoja aliniuliza hivi akiwa amekalia benchi nje ya chumba cha eksirei, bahasha kubwa ya kaki ikiwa magotini mwake, chupa ya chai pembeni. Alikuwa ameshajua kilichoandikwa ndani ya bahasha. Nilimsomea Danieli 3, mahali ambapo vijana watatu wanamwambia Nebukadreza kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa na tanuru. Kisha wanaongeza maneno ambayo yule mzee aliniomba niyarudie: bali kama si hivyo. Kama si hivyo, bado hawataisujudia sanamu.

Paulo aliomba mara tatu mwiba uondolewe mwilini mwake, akajibiwa "Neema yangu yakutosha", na mwiba ukabaki. Sura ya 11 ya Waebrania, baada ya kuwataja waliofunga vinywa vya simba, inawataja pia waliopigwa kwa mawe na kukatwa kwa misumeno, na inasema juu ya wote kwamba walishuhudiwa kwa imani yao. Tumaini la Mkristo halijawahi kuwa ni kutokufa. Ni kwamba Kristo alikufa kweli, akazikwa, akafufuka, na kwamba walio wake watafufuliwa naye. Kwa hiyo hata kaburi ni mahali pa kungojea. Ayubu alipewa kondoo 14,000 na ngamia 6,000 mwishoni, mara mbili ya mwanzo, lakini watoto aliopewa ni kumi tu, idadi ile ile. Baadhi ya wafasiri wa zamani walisoma hapo kwamba wale kumi wa kwanza hawakuhesabiwa kuwa wamepotea. Mimi na mke wangu tunausoma hivyo.

Yule mzee alikunja bahasha katikati, jambo ambalo haliruhusiwi kwa picha za eksirei, akaiweka chini ya kwapa, akasema twende tukanywe chai kabla haijapoa.

Sina nguvu ya kusoma sana. Nianzie wapi?

Anza na Zaburi ya 13, kwa kuwa ni fupi. Isome kwa sauti, hata kama ni ya kunong'ona kwa ajili ya wagonjwa wa vitanda vya jirani, na mahali panapotaja adui weka jina la kinachokusumbua: saratani, deni, upweke. Siku nyingine soma Maombolezo sura ya 3 kuanzia mwanzo, si kuanzia mstari wa 22 unaopendwa na wote, ili uone ni mbali kiasi gani mwandishi alitembea gizani kabla ya kuandika kwamba rehema za Bwana ni mpya kila siku asubuhi. Ayubu mwache mpaka upate nafuu kidogo, kisha uanzie sura ya 3.

Kama macho yamechoka, mwombe anayekuuguza akusomee. Kama huwezi kuomba kabisa, Warumi 8:26 inasema Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa, kwa hiyo kuguna kwako usiku kitandani kumeshapokewa kuwa sala.